Kiti cha Kulia

Gari letu lilikuwa jipya na hakuna aliyeamini. Lilitoka kiwandani Amerika mwaka 1968, lakini waliolichora waliiga sura ya magari ya kabla ya vita vya pili vya dunia: taa zimetokeza kama macho ya chura, madigadi manene ya mviringo juu ya magurudumu, paa la turubai la kukunja. Viti vilikuwa viwili tu, kwa sababu lilikuwa gari la mbio. Mume wangu Oketch, fundi wa meli pale bandarini, alilinunua kwa Mmarekani mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Tulipolipitisha sokoni Kibuye mara ya kwanza, rafiki yake Gichuki, muuza nguo, aliacha wateja akaja kulizunguka.

“Bwana Oketch, umefufua gari ya babu yako?”

Oketch alicheka. Mimi nilinuna. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya cha kichwa, na sikupenda kuitwa mke wa mwenye mkweche.

Usukani ulikuwa kushoto, kama wa kwao Amerika. Kwa barabara zetu, ambako magari hupita kushoto, dereva wa kushoto akiwa nyuma ya lori la miwa haoni kinachokuja. Aliyeona ni mimi, kwenye kiti cha kulia. Nikisema “Dhi!” Oketch anakanyaga mafuta, nikisema “Rit!” anangoja. Ee, raha ile! Mwanamume asiyenisikiliza mezani alinitii barabarani kama askari. Mpaka leo nikisikia injini ikinguruma, natamani kusema “Dhi!”

Lakini siku tulipolifikisha nyumbani Otonglo, mama mkwe wangu Seline alitoka, akalitazama, akarudi ndani na kufunga mlango. Kwao Oketch, mwana akipata chombo, mama ndiye hupandishwa kwanza, akitie baraka. Oketch akaamua kwamba mama amekasirika kwa kuwa nilitangulia kukaa mimi. Lawama zote zikaniangukia.

“Dorca, ungepanda basi siku ile.”

“Ningepanda basi, wewe ungefika Otonglo mzima?”

Miaka ikapita. Kila Jumamosi aliliosha, akaliegesha mbele ya nyumba ya mama yake, akangoja. Mama hakutoka. Mtu mzima anayefungua injini za meli alikuwa akirudi mjini macho mekundu, nami iliniuma kuliko zile lawama. Jumamosi moja uvumilivu ulinishinda, nikamfuata mama jikoni, akichambua omena, dagaa wa ziwani.

“Mama, kama ni mimi nilikosa, nisamehe. Mtoto wako anaumia.”

“Wewe? Wewe ulifanya nini?” Aliacha omena. “Gari ya sura hii ndiyo ilichukua baba yake, wakati ya vita. Taa ni hizo hizo. Dereva ya serikali alikaa upande ya kulia, akaniambia, Mama, atarudi jioni. Mimi niliacha chakula yake kwa moto.”

Oketch alikuwa bado tumboni. Baba yake alifia Burma, na hata kaburi hawakuonyeshwa.

Nilitoka nikamweleza mume wangu. Alisimama na kitambaa chake cha kuoshea, maji yakimchuruzika mkononi.

“Nitaliuza,” akasema. “Kesho.”

“Uuze kwa nini?” Mama alikuwa mlangoni. Alikuja polepole, akazunguka gari, akasimama upande wa kulia. “Hapa hukaa nani?”

“Mimi, Mama,” nikasema. “Ndimi husema liende au lingoje.”

“Dereva hasemi?”

“Hawezi. Haoni.”

Alifikiri. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akaketi.

“Chakula iko kwa moto,” akaniambia. “Usiache ipoe.”

Nilimfundisha maneno yale mawili husemwa lini, nikabaki langoni nikiwa na hofu. Hata kabla hawajafika barabarani nilisikia “Rit! Rit!” na hapakuwa na lori wala baiskeli. Oketch alisimama, akangoja amri. Kisha ikaja “Dhi!” ya sauti kubwa, nalo likaenda.

Walizunguka mpaka Nyamasaria. Mimi nikachochea kuni, nikakodoa macho barabarani, nikachochea tena. Jioni taa zile za chura zikachomoza.

Mama alishuka, kitambaa cha kichwa kimepeperushwa hadi shingoni. Aliweka kiganja juu ya boneti yenye joto, akakiacha hapo.

“Dorca, chakula ingali kwa moto?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi mpakulie bwana yako. Gari hii imerudi.”