Gitaa la Baruti

Kabla ya kila onyesho, Honorata ndiye aliyekaza nyuzi za gitaa la mumewe. Ulikuwa utaratibu wao tangu harusi, na Baruti aliujivunia mbele za watu. "Mke wangu ndiye masikio yangu, tafadhali," alisema. Hiyo tafadhali haikuwa na kazi yoyote pale. Baruti ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na neno hilo alilipenda kuliko mengine yote, basi alilipachika popote nafasi ilipopatikana.

Walipiga kila Alhamisi jioni, Honorata naye na gitaa lake, katika ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja huko Wheaton, Marekani. Muziki wenyewe ulikuwa kantri, ule wa magitaa wa mashambani Marekani, lakini si ile ya redio za leo, ya kofia mpya na magari makubwa. Yao ilikuwa kantri ya watu waliochoka, na wasikilizaji walikuwa walewale: manesi waliotoka zamu, mafundi wa reli inayojengwa Langley Park, Wakenya waliolelewa na nyimbo hizo redioni kwa baba zao. Walipanga viti wenyewe, wakabeba spika wenyewe, na wakitoka walifagia. Wote waliungoja wimbo mmoja, ule ambao Baruti aliutunga mama yake alipofariki. Mwishoni sauti yake hupanda ghafla, "Mama, fungua mlango," na hapo hata wanaume wazima walitafuta leso.

Kisha mapafu ya Baruti yakaugua. Daktari alisema mengi, na Baruti akasema moja tu: "Siku nitakayoshindwa kuufikia mlango wa mama, nitaacha kuimba, tafadhali." Honorata hakucheka. Alikwisha kumwona mumewe kitandani hospitalini, hana wimbo, amegeukia ukuta. Alijua kwamba Baruti asiyeimba ni mtu aliyekwisha kuanza kuondoka.

Kwa hiyo sauti ilipokwama mara ya kwanza mazoezini, na Baruti akaisingizia mafua, Honorata hakubisha. Alhamisi iliyofuata alilegeza nyuzi za gitaa la mumewe, kidogo tu, akalegeza na za lake. Wimbo ukashuka, Baruti akaufikia mlango, watu wakalia. Alirudi nyumbani akala wali sahani mbili. Sauti ilipopungua tena, Honorata akalegeza tena. Peterson wa gitaa la besi ilibidi aambiwe.

"Dada, tunamdanganya mzee," Peterson alinung'unika.

"Tunamtunza," Honorata alimjibu. "Shusha."

Ikaenda hivyo miaka miwili, na Baruti akazidi kujigamba kwamba mapafu yanazeeka ila koo limegoma.

Mapenzi ndiyo yaliyomponza Honorata. Siku ya kuzaliwa ya mumewe ilipokaribia, alimwita Kipngetich kwa siri, Mkenya aliyekuwa akiwapigia kinanda cha mdomo kabla ya kuhamia Minnesota. Alipanga kila kitu, keki, usafiri, mpaka pa kumficha jikoni. Alisahau jambo moja tu. Mtu wa gitaa amezoea kwamba kila kitu hulegezwa, lakini kinanda cha mdomo hakina nyuzi. Kimetoka kiwandani na sauti yake na kitabaki nayo, na Kipngetich alibeba kimoja tu, kile cha sauti ya zamani ya wimbo ule.

Siku ilipofika, akajitokeza kwenye ubeti wa pili wa wimbo ule, kama walivyopatana. Baruti alimwona, akacheka huku anaimba. Kipngetich akakiweka kinanda mdomoni, akapuliza, na ukumbi mzima ukakunja uso. Zilikuwa nyimbo mbili zinazogombana. Alikitazama, akakifuta kwenye shati, akapuliza tena. Ikawa vilevile.

"Hebu ngojeni," akasema, bado anatabasamu. "Mbona mko chini hivi? Nani alitune hizi gitaa?"

Peterson alitazama viatu vyake. Baruti alilitazama gitaa, halafu akamtazama mkewe, na Honorata akaona jinsi uso ule ulivyoelewa.

"Pandisha," Baruti akasema. Safari hii hakuweka tafadhali.

Honorata akazikaza nyuzi za magitaa yote mawili, moja moja, mbele ya watu, huku Peterson akikaza zake. Baruti akaanza wimbo upya. Ubeti wa kwanza aliuburuta, wa pili ukamtoa jasho. Alipofika mlangoni, "Mama, fungua," sauti haikutoka kabisa. Ilitoka pumzi tupu. Kipngetich wa watu, asijue alichovunja, aliumalizia wimbo kwa kinanda, na watu wakasimama kupiga makofi kwa huruma. Honorata alitamani ardhi ipasuke immeze.

Garini, walipokuwa wanapita vizuizi vya ujenzi Langley Park, Baruti akasema, "Umenifanya mwongo mbele ya watu wangu."

"Nilitaka uimbe, baba. Nilitaka ubaki."

"Nilikuwa namwambia mama yangu kila nikilala. Bado nafika, mama. Nilimwambia hivyo."

Honorata alilia mpaka nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imeenda mbali kidogo, lakini iliishia palepale.

Baruti alitimiza neno lake, hakurudi Wheaton. Hakununa wala hakumtesa mkewe. Bado humwandalia chai asubuhi, na kusema tafadhali pasipohusika. Lakini kila Alhamisi jioni Honorata hulishusha lile gitaa ukutani, hulikaza nyuzi mpaka mahali pake pa kweli, hulirudisha, kisha huenda jikoni kujifanya anaosha vyombo. Baada ya muda humsikia mumewe amelichukua, anaimba polepole, kwa sauti ya kujificha. Honorata hufunga bomba ili asikie vizuri. Baruti hupita ubeti wa kwanza, hupita wa pili, hufika kwenye "Mama, fungua," kisha hunyamaza.

Honorata husimama na sahani mkononi, akilingojea lile neno lililobaki. Mpaka leo Baruti hajalisema.