Mkono wa Bi Pasi

Kitendawili hiki bibi alikitunga mwenyewe, na kila asubuhi alimtegea mjukuu wake wa miezi mitatu: "Nina nguo sikuishona, siivui, wala dobi haifui." Mtoto akimkodolea macho, bibi anangoja kidogo, asije akaambiwa hakumpa nafasi, kisha anajijibu, "Ngozi, mama. Umeshindwa, nipe mji." Anambusu nyayo zote mbili, halafu ndiyo wanaenda kwenye beseni.

Watu walimwita Bi Pasi. Alipiga pasi nguo za watu miaka thelathini, kwanza kwa pasi ya makaa, baadaye ya umeme. Pasi aliipima kwa kidole kilicholowa mate. Ikilia chss, iko tayari. Sufuria aliipua jikoni bila kitambaa. Majirani walimtania kwamba siku malaika wakiwa na shaka na moto wa huko chini, watamwita yeye akaupime.

Bintiye alipomaliza likizo ya uzazi na kurudi kiwandani, alimwachia mtoto na neno moja.

"Mama, maji uyapime vizuri. Ngozi yake laini sana."

"Wewe nilikuogesha kwa mkono huu huu," Bi Pasi akasema, akamkunjulia kiganja. "Umechubuka wapi?"

Binti akacheka, akaenda zake.

Siku ya kwanza mtoto alilia alipoingizwa majini. Watoto hulia. Siku ya pili alilia zaidi, na alipofutwa maji, mapaja yake yalikuwa mekundu. Bi Pasi akasimama na taulo mkononi. Harara, au joto? Adhuhuri wekundu ukawa umekwisha, lakini hofu ilishaingia nyumbani na kujivutia kigoda.

Akaituhumu sabuni, akaitupa. Akaituhumu poda. Akazitoa nepi zote kabatini, safi zilivyokuwa, akazisuuza mara tatu kwa maji matupu, akazinusa moja moja kama mtu anayetafuta mwizi. Jioni binti aliporudi na kuuliza mtoto ameshindaje, akajibu, "Salama." Akaenda kuanua nepi.

Siku ya tatu kulikucha na baridi. Bi Pasi akamimina maji ya birika kwenye beseni, akaongeza ya bomba, akatia mkono. Akaona yamepoa. Akarudisha birika, akaongeza ya moto kidogo, akatia mkono tena. Vuguvugu, maji mapole kabisa. Akamshusha mtoto, miguu kwanza, mpaka kiunoni.

Mtoto akafungua kinywa, sauti isitoke. Kisha ikatoka, na haikuwa ile ya jana.

Alimnyanyua upesi. Wekundu ulianzia vidoleni ukapanda mpaka kiunoni, na hapo ukakoma kwa mstari, kama mtu aliyevishwa soksi ndefu. Juu ya mstari ngozi ilikuwa vilevile. Bi Pasi alikuwa mtu wa kusoma mistari kama hiyo. Miaka thelathini aliitafuta kwenye nguo za watu kila aliponusa kitambaa kinaungua. Harara haina mstari.

Fundi cherehani, jirani wa mlango wa pili, aliisikia sauti ile akaingia bila hodi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kuna nini, mama?"

"Sabuni. Nadhani ni sabuni."

Fundi akamtazama mtoto, akatazama beseni. Akachovya vidole, akavichomoa haraka na kuvipuliza.

"Bi Pasi," akasema taratibu, "haya ni maji ya kunyonyolea kuku."

"Ni vuguvugu."

"Hebu tia mkono tena."

Akatia. Mkono ukamwambia vuguvugu. Akavitazama vidole vya fundi, vimeiva. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Siku tatu alikuwa akimwomba maiti ushahidi, na maiti akijibu kila mara kwamba hakuna neno.

"Nilete dawa ya meno? Mafuta?" Bi Pasi akauliza.

"Usimpake kitu. Twende bombani."

Wakamfunika kifua kwa taulo kavu, wakaiweka miguu chini ya maji yanayotiririka polepole. Fundi aliangalia saa ya simu. Dakika ishirini, alisema, hata akilia. Bi Pasi aliangalia ngozi. Kila tone lililong'aa juu ya paja alidhani ni lengelenge. Nguo ikiungua hutiwa kiraka. Hii ataitia kiraka gani?

Huko zahanati, binti aliyepigiwa simu na fundi alifika mbio na aproni ya kiwandani bado kiunoni. Muuguzi, mama mmoja wa miwani, alikuwa akimbonyeza mtoto kwa kidole kimoja. Ngozi inageuka nyeupe, kisha nyekundu tena.

"Nani alimwogesha?"

Kusema birika lilimwagika ilikuwa rahisi, na fundi alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba anampa nafasi. Bi Pasi akakifungua kiganja mbele ya muuguzi.

"Mimi. Siku ya tatu leo. Mkono wangu hausikii moto, na sikujua."

Binti akageuka. "Juzi na jana pia? Na jana uliniambia salama."



"Malengelenge hayajatoka," muuguzi akasema. "Siku mbili hizi mwangalieni. Likitoka hata moja msilitumbue, mleteni." Akakishika kiganja cha Bi Pasi, akakipapasa kama anayekagua soli ya kiatu. "Bibi, huyu mfanyakazi amestaafu. Pima kwa kiwiko, hapa mkono unapokunjika. Hapa bado pana mtu."

Binti aliomba ruhusa kazini siku mbili. Alimwogesha mtoto mwenyewe. Bi Pasi alikaa mlangoni, mikono ameibana kwapani kama mwenye mbwa aliyemng'ata mtu. Alimkagua mtoto asubuhi, mchana na jioni, kwa mbali, bila kugusa. Wekundu ulififia, lakini kila alipofumba macho aliuona ule mstari. Hakutega kitendawili.

Asubuhi ya siku ya tatu binti alivaa nguo za kazi, akaweka beseni sakafuni, akamimina maji ya birika.

"Mama, njoo upime."

"Pima wewe."

"Nikiwa kazini atapima nani?"

Bi Pasi akakunja mkono wa gauni, akachovya kiwiko. Moto. Aliuchomoa mkono kama aliyeguswa na nyoka, na machozi yakamlenga. Miaka mingapi hajaungua? Akaongeza maji ya baridi, akachovya tena, akangoja.

"Sasa je?"

"Sasa weka na wewe."

Viwiko viwili vikaingia kwenye beseni moja. Binti akaitikia kwa kichwa, akamnyanyua mtoto, akampa mama yake.

"Mshushe."

Kidole gumba cha mguu kikagusa maji, kisha unyayo, kisha kisigino. Wote wawili walikuwa wanautazama mdomo wa mtoto. Mdomo ukafunguka.

Mtoto akapiga mwayo.