Bei ya wanafunzi wakati wa eda

Fadhili alikufa, na ordinateur yake, ile komputa, ikaletwa kwangu Kabondo pamoja na mujane wake, Rachida, mujukuu wangu. Alikuja kukaa eda, ile miezi mujane anabaki ndani ya nyumba.

Rachida iko anasoma kuchora ma-plan ya nyumba. Ilibakia tu kazi ya mwisho: achore jengo nzima, apeleke mbele ya walimu. Zamani alikuwa anachorea ku masini za institut. Sasa hakuweza kutoka, donc ilifaa achoree hapa. Ordinateur ilikuwa, programme ya kuchora haikuwa ndani. Ile wanauzisha ku internet, na bei yake, hata mutu mwenye duka kubwa anakuna kichwa. Lakini kwa wanafunzi wanapunguza sana. Jirani yetu Kyakimwa, Mukristo wa kabila ya Wanande, anauzisha telephone, iko na carte ya banque. Alikubali kutulipia.

"Koko, wanaomba tu photo ya carte yangu ya mwanafunzi," Rachida akaniambia.

Tukatuma. Wakajibu: hii ni ya mwaka uliopita, mutume ya mwaka huu.

Bon. Nikajifunga kitambaa, nikapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, muendeshaji akanifikisha institut. Nikakaa ku banc ya mbao, nikangoja mpaka mugongo ikauma. Mama wa bureau akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mama, ni wewe uko mwanafunzi?"

Wenye walikuwa nyuma yangu wakacheka. Nikamuelezea.

"Pole sana, Mama. Lakini photo tunapiga hapa. Mwenyewe afike mbele ya Ijumaa, kisha tunafunga."

Niliporudia nikakuta tonton Mahmoudi, baba mukubwa wa Fadhili, amekaa ku kiti yangu. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Mujane wetu akitoka ile mulango, eda imevunjika," akasema. "Siye tutakuja kubeba vitu ya mutoto wetu. Ile ordinateur ya kwanza."

"Shehe alisema kwa lazima anaweza kutoka muchana."

"Shehe si yeye alinunua ile ordinateur."

Akamaliza chai yangu, akaenda. Rachida alikuwa anasikia yote nyuma ya pazia. Akakuja, akakaa chini, akaanza kuchambua majani ya pondu pamoja nami. Kisha:

"Koko, nifanye nini?"

"Mi sijui, mama. Ukikaa, mwaka wako imepotea. Ukienda, yule muzee hatanii. Fadhili angesema nini?"

"Fadhili? Alikuwa ananifokea nikichelewa masomo."

"Alors vaa viatu."

Akaenda na nguo zake za matanga. Wanawake ku bomba ya maji wakanyamaza wakati alipita, na nyuma yake wakaanza tena kwa nguvu. Akarudia na carte mupya. Kyakimwa akakuja na telephone yake, jasho inamutoka.

"Mama Maria, saidia hii réseau ya internet!"

"Kyakimwa, hapa ni nyumba ya Waislamu."

"Basi nanyi muombe kwenu. Réseau ni ya wote."

Rachida akacheka. Tangu tumuzike Fadhili sikukuwa nimemusikia akicheka. Photo ikapita, wakapunguza bei, programme ikaingia. Akachora kuta, akachora ngazi, akawa anakula na mukono moja, ingine juu ya masini. Courant ya umeme ikikatika, anakaa palepale mbele ya kioo nyeusi mpaka irudie.

Kuta za juu hazikuwa zimeisha wakati Mahmoudi alikuja na mutoto wake Alfani na pousse-pousse ya kusukuma mizigo.

"Tonton," Rachida akasema, "programme imefungwa na hii masini. Ile bei ya wanafunzi ni kwa masini moja tu. Niache nimalize, kisha utabeba."

"Kama ulitaka kumaliza, ungekaa."

"Tonton, nakuomba."

"Mutoto wetu hakumaliza hata mwaka ndani ya udongo, na wewe uko unatembea." Sauti yake ikavunjika. Akageuka. "Alfani, beba."

Rachida akasema wangoje masini izimike vizuri. Wakangoja. Kisha wakabeba.

Walisahau kamba ya courant ku ukuta. Nikaichomoa, nikaitia chini ya kitenge yangu, nikakaa juu yake. Rachida akaniona.

"Koko, lete."

"Waende kutafuta yao soko."

"Watatia ya mubaya, itaungua. Kazi yangu iko ndani."

"Kazi gani tena, mama? Wameshabeba."

"Koko. Lete."

Nikainuka. Akaikamata, akakimbia inje kichwa wazi, anawafuata ku barabara, anaita Alfani asimame. Wanawake wa bomba wakamuona anapita. Ile mara hakuna mutu aliulizia eda.