Dumu Lisilo na Lebo

"Hiyo dawa ya wadudu ndiyo iliyolipa mahari yako," Messan alisema kutoka mlangoni. "Leo unaitoa nje kama takataka."

Kokoè hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti ndani ya kibanda cha zana, kitambaa kimefungwa puani, mikono imevishwa mifuko ya plastiki, akiyavuta madumu kutoka pembeni. Yalikuwa mabaki ya kazi ya mumewe. Enzi zake, hapakuwa na bustani ya vitunguu pale Agoué ambayo Messan hakuipulizia, bomba mgongoni, akiimba.

"Kuku wamekufa, baba Adjoko. Nimewakuta hapa hapa, dumu linavuja."

"Kuku hufa."

"Niimwage wapi, basi? Chooni? Mchanga huu unakunywa kila kitu, na kisima kile pale. Leo gari la kukusanya sumu liko sokoni. Likiondoka limeondoka."

"Sumu!" Messan alicheka. "Nyumba unamolala imejengwa kwa sumu?"

"Imejengwa kwa sumu, ndiyo. Na imeniachia mume asiyeweza kushika kijiko."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Messan aliitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa ikitetemeka hata akiwa amelala, akaiingiza kwapani. Kokoè alipakia madumu kwenye toroli, akayafunga kamba, akaondoka bila kuaga.

Njiani jirani yake Ablavi alimsimamisha. "Mwenzangu, niachie moja tu. Viwavi wananimaliza."

"Hata tone, Ablavi."

"Haya, tajiri wa sumu! Msalimie mumeo!"

Kwenye gari alikuwapo kijana mmoja, Sossou, amevaa glavu ndefu na barakoa. Aliyapokea madumu kwa uangalifu, akisoma lebo. Kwenye dumu la mwisho akasita. Lebo yake ilikuwa imebanduka zamani.

"Hili nini, mama?"

"Sijui. Ni la mume wangu."

"Bila kujua ni nini silipakii. Dawa nyingine zikikutana zinawaka moto."

Kokoè akapiga simu. Iliita mpaka karibu ikatike. Messan alipopokea, ilisikika pumzi tu.

"Baba Adjoko, lile dumu la bluu lisilo na lebo. Kijana anauliza ni dawa gani."

Polepole, Messan akalitaja jina. Kokoè akalirudia kwa sauti. Sossou akarudi hatua nyuma.

"Hiyo ilipigwa marufuku zamani sana. Aliipulizia mwenyewe? Alijikinga na nini?"

Kokoè alikumbuka shati la zamani la Messan lilivyokuwa likilowa mgongoni, alivyokuwa akirudi jioni na kula kabla ya kunawa. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Mwambie nilikuwa nafunga kitambaa," Messan alinong'ona.

"Alikuwa anafunga kitambaa," Kokoè alisema.

Sossou alimtazama kidogo. "Mpeleke hospitali, mama. Na hilo jina, mtajieni daktari."

Kokoè hakujua kama Messan alisikia. Simu ilikuwa imekatika.

Aliporudi, toroli tupu likigongagonga, alimkuta mumewe kibandani. Alikuwa amejifunga kitambaa puani, fundo limelegea, na amechimba pale madumu yalipokuwa. Ndoo ilijaa mchanga mweusi unaonuka. Alikuwa ameinyanyua, na kwa jinsi mikono ilivyotetemeka, mchanga ulimmwagikia miguuni.

"Na huu je?" aliuliza. "Huu nao wanauchukua?"

"Gari limeondoka."

Kokoè akavaa tena mifuko yake mikononi, akashika upande wa pili wa kishikio. Wakatoka nje na ndoo katikati yao, wakasimama. Kushoto kilikuwa kisima. Kulia, vitunguu vya Ablavi. Mbele, mto ukipita taratibu, na wanawake wakifua.

"Twende wapi?" Messan aliuliza.

Ndoo ilikuwa nzito. Hakuna aliyeitua.