Kisasi cha Narae Maabarani

Nawaandikia nyie mama wenye watoto wasomi, maana naogopa. Mimi niliishia shule ya msingi, nauza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, sokoni hapa Daejeon, Korea. Haya mengi nimeyasikia jikoni kwangu, kwa mdomo wa binti yangu mwenyewe, Narae.

Narae alikuwa amebakiza kidogo apate shahada ya uzamivu. Maabarani kwao wanachukua seli shina, zile changa za uboho wa mifupa, na kuzigeuza ziwe kama seli za neva, ili siku moja waliopooza wasimame. Pyo Kiseok, mwanafunzi aliyemtangulia pale, alichukua kazi aliyoihangaikia Narae na kumpelekea Profesa Ma kama yake. Huku kwetu mdogo hambishii mkubwa mbele ya mwalimu. Narae akaja kulia kwangu huku anachambua kabichi.

"Nikammwagie maji ya chumvi ya kabichi?" nikamwuliza, na sikuwa natania.

"Mwache, mama. Huyo nitampika taratibu."

Baadaye Kiseok akapata njia ya mkato. Anazimwagia seli dawa kali, na muda si muda zinatoa mikia mirefu. Ukizitazama kwenye hadubini utaapa ni neva. Akamwita binti yangu.

"We dogo, njoo uone! Unahangaika mwaka mzima, mimi asubuhi moja tu. Hizi si neva?"

"Zinafanana kabisa, kaka," akajibu, kichwa chini.

Nyumbani alicheka mpaka akapaliwa. "Mama, hazijageuka kitu! Dawa inaziunguza, zinajikunyata, basi. Ile mikia ni sehemu zilizobaki zimeng'ang'ania kisahani. Osha dawa, zitarudi bapa kama zamani."

"Si umwambie Profesa?"

"Mapema yote hii? Hajapanda juu bado. Ataanguka kutoka wapi?"

Sauti ile sikuitambua. Nikamsihi, mwanangu, shahada yako iko mlangoni, utajiponza. Akajaza wali mdomoni.

Akangoja. Wenzake wote wakaacha kazi zao wakafuata njia ya Kiseok, naye anawatazama tu. Siku walipokuja wageni wakubwa kuiona kazi hiyo, akainama kwa adabu zote.

"Kaka, tuzioshe dawa, wageni waone zinavyodumu?"

"Osha, osha," Kiseok akasema, kifua mbele.

Wageni wakatembezwa na kulishwa. Waliporudi jioni, mikia hakuna. Seli zimelala bapa, zilezile za uboho. Kiseok akawa mwekundu kama pilipili yangu.

Profesa Ma akamgeukia Narae. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Profesa." Alisema kwa fahari, hakuweza kujizuia.

"Kiseok ni mjinga na mwizi, namfukuza. Lakini wewe ulijua, ukawaacha wenzako wote wapotee. Toa vitu vyako."

Shahada ikaishia hapo.

Nilidhani atalia. Alikaa mezani akala bakuli mbili. "Mama, ungeiona sura yake!"

"Na sasa utafanya nini, mwanangu?"

"Kiseok amepata kibarua maabara moja ya Busan." Akafuta mdomo. "Nimepiga simu. Wanatafuta mwosha vyombo."

Leo asubuhi amepanda treni ya kwenda huko. Mama wenzangu, mtoto akianza kucheka vile, msingoje kama mimi. Mshikeni.