Picha ya Mama Kaluki

Jumatatu saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Mbinya aliweka stetasi yake ya kwanza ya wiki, picha ya kuonwa na marafiki simuni kwa siku moja. Alikuwa ameketi katika saiba yake, duka la kompyuta na picha, pale Kabati, kati ya duka la mbegu na kinyozi, amevua viatu, chai ikipoa kando ya kompyuta. Simu ilikuwa ndani ya mkoba na haikuwa na haja ya kutoka. Alikuwa ameiunganisha na kompyuta kwa ule mraba wa madoadoa, na tangu hapo stetasi zake zote alizipanga kwenye kioo kikubwa, ambako macho ya miaka hamsini na sita hayakulazimika kukodoa.

Picha ilikuwa ya Kaluki, mtoto wa miaka miwili, amevaa sweta ya njano, ana uji mdomoni hadi puani. Ilikuwa picha nzuri yenye kasoro moja. Pembeni, karibu na mtoto, ulionekana mkono wa kushoto wa Kaveke, mwanamke kijana wa bomani mwake, umekunjuliwa tayari kumdaka asianguke. Mbinya aliishi kwa kupiga watu picha za pasipoti na kukata visivyohitajika, kwa hiyo hakufikiri mara mbili. Akavuta ukingo wa picha hadi mkono ukatoka. Chini yake akaandika, "Zawadi yangu kutoka kwa Mungu. Ni mimi, Mama Kaluki." Akabonyeza.

Wakati huohuo nyumbani, kilomita mbili kutoka sokoni, Kaveke alikuwa akipepeta mbaazi. Mkono wake wa kushoto ukatoweka kuanzia kwenye kifundo. Aliangalia pale ulipokuwa, akakunja vidole na kuvikunjua, akavisikia vyote vitano. Ungo haukuanguka. Mbaazi hazijali zinapepetwa na nani, kwa hiyo akaendelea.

Mbinya aliporudi jioni alimkuta akigeuza muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye sufuria, mwiko ukizunguka wenyewe.

"Mkono wako uko wapi?"

"Uko tu, mama. Ni kuonekana ndio hauonekani. Tangu saa nne."

"Saa nne na ngapi?"

"Redio ilikuwa imemaliza tu matangazo ya vifo."

Mbinya akapiga hesabu kichwani, akanawa, akala. Kesho yake saa nne na dakika kumi na mbili stetasi iliisha muda wake na mkono ukarudi. Ulikuwa safi, maana Kaveke alikuwa akiuosha kama kawaida.

Hapa inafaa mambo mawili yaelezwe, maana Kabati wanayajua ila msomaji wa mbali huenda hayajui. Mbinya hakujaliwa kuzaa. Mume wake Mutisya alipofariki, wazee wa ukoo walisema boma lisizimike, naye akafanya wanayofanya wanawake wa Ukambani tangu zamani: akaoa iweto. Alipanda hadi milima ya Mbooni, akapeleka mbuzi kwa wazazi wa Kaveke, akashuka na binti huyo wa miaka ishirini na mbili awe mke wa boma lake, azae kwa jina la boma. Mwanamume aliyesaidia katika jambo hilo alikuja, akaenda zake, na hadithi hii haimhitaji zaidi ya hapo. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la mama yake Mutisya. Kila kitu kilikwenda kama mila inavyotaka.

Shida ni kwamba mila hiyohiyo ndiyo iliyomfanya mtoto amwite mwenye boma susu, yaani nyanya. Neno mwaitu, mama yangu, ni la aliyemzaa. Kaluki alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa mwaitu, na hakumwambia Mbinya. Mbinya aliyelala naye hospitalini siku nne alipougua kifua. Mbinya aliyekuwa amechuchumaa mbele yake mikono wazi. Mtoto alimpita kama anayepita kigingi cha mbuzi, akaenda kumkumbatia Kaveke miguu. Tangu siku hiyo wivu ulimkaa Mbinya kooni. Alimwonea Kaveke wivu akimnyonyesha mtoto, alimwonea akimkaripia. Alimwonea wivu hata siku mtoto alipomtapikia.

Majirani wote walimwita Kaveke Mama Kaluki. Mbinya hakuwahi, hata kwa kuteleza ulimi. Na kanisani, ambako mambo ya iweto hayatajwi, alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mtoto ni wake na Kaveke ni msichana wa kazi. "Mungu ana njia zake," alieleza. Waumini walihesabu umri wake, wakasema amina. Kaveke akawa anaketi benchi la mwisho na mkoba wa nepi.

Basi mkono ule uliporudi Jumanne, Mbinya alikaa mbele ya kompyuta akiwaza. Mtoto hufuata anachokiona, alijiambia. Mwenye simu kubwa pale nyumbani alikuwa yeye. Kaveke alikuwa na simu ndogo ya mulika mwizi isiyojua stetasi ni nini. Jumatano akatafuta picha nyingine, akakata mikono yote miwili hadi mabegani. Watu mia moja na kumi walitazama. "Mmefanana sana," aliandika dada mmoja wa kwaya, na Mbinya akaisoma mara tatu.

Jioni ile aliketi sebuleni kusubiri. Kaluki alizungukazunguka, akapapasa hewani mbele ya Kaveke, akashika kitu, akapanda. Baada ya dakika tano alikuwa amelala kimo cha kifua, mdomo wazi, bila kitu chini yake. Roho ilimuuma Mbinya. Akaenda kulala bila kumaliza chai.

Kesho yake alikuja Abdiladif, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Tseikuru, ambaye hupitia kwa Mbinya kuchapa vibali vya kusafirisha mifugo.

"Nimepita kwako kuacha yule mbuzi wa maziwa," akasema. "Nimefunguliwa lango na mtu hana mikono."

"Ni stetasi."

"Nimejua. Kwangu pia, mke mkubwa, Farhiya, alimkata mke mdogo kwa picha ya Idd. Tulikula na yeye siku mzima tukisikia tu kijiko." Abdiladif alikunja vibali vyake, akavitia mfukoni. "Hiyo ya stetasi haina shida, mama. Kesho inaisha. Mbaya ni ile picha ya juu, ile ya duara yenye watu wanaona wakikupigia. Ile haina saa. Ukikata mtu hapo, amekaa hivyo."

"Mimi sijafikiria kitu kama hiyo."

Alisema kweli, hakuwa amefikiria. Abdiladif alipotoka ndipo akafikiria.

Alikuwa na sababu ya haraka. Jumapili ilikuwa siku ya akina mama, na katika kanisa lao kuna desturi wanayoipenda kuliko mahubiri. Akina mama husimama mbele, watoto wadogo hushikwa mlangoni na mwalimu wa Sunday school, kisha huachiliwa mmoja mmoja wakimbie kwa mama zao huku kanisa likipiga makofi. Mwaka uliopita Kaluki hakuwa anatembea. Mwaka huu jina la Mbinya lilikuwa la tatu kwenye orodha. Watu mia tatu wangeangalia miguu ya mtoto inakoelekea, na baada ya hapo pasingekuwa na la kueleza.

Jumamosi adhuhuri alifungua picha waliyopigwa kando ya tangi la maji: Kaluki katikati, Mbinya kulia, Kaveke kushoto. Akavuta ukingo. Kitambaa cha kichwa kikatoka, bega likatoka, gauni la maua likatoka hadi kwenye ndala. Iliyobaki akaiweka kwenye lile duara.

Nyumbani alikuta jiko linawaka na hakuna mtu. Kifuniko cha sufuria kikainuka, kikarudi.

"Mama, leo nimeenda mzima," ilisema sauti ya Kaveke. Picha haina sauti, kwa hiyo sauti ilibaki.

"Nimeona," akajibu Mbinya.

"Nitarudi saa ngapi?"

"Hii si ya masaa."

Maji yalimiminika kutoka kwenye jagi hadi sufuriani.

"Na mtoto akinitafuta kwa macho?"

"Ataniona mimi. Na kesho usikuje kanisani. Baki na mbuzi."

"Mama, mimi sina kwingine. Zile mbuzi ulipeleka kwetu zililiwa kitambo."

"Nimekufukuza? Si uko hapa?"

"Niko," ikasema sauti. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na kazi, ikauliza kama vitunguu vikatwe viwili au vitatu.

Jumapili Mbinya alivaa kitenge kipya, akasimama mbele wa tatu kutoka kushoto. Mwalimu alimwachilia Kaluki mlangoni. Mtoto alikuja mbio katikati ya mabenchi, moja kwa moja, akiwa amemkazia Mbinya macho, na Mbinya akapiga magoti na kufungua mikono. Kanisa lilipiga makofi. Kwa hatua kumi hivi Mbinya alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata maishani, na haifai mtu kumcheka kwa hilo.

Kwenye benchi la tano mtoto akasimama. Aligeuza shingo kuelekea ukutani, mahali ambapo palikuwa na ukuta tu. "Mwaitu," akasema, akainua mikono. Akainuliwa. Akatulia hewani kimo cha kifua cha mwanamke, shavu limelalia kitu, mkono wake wa kulia umekamata kitu kingine karibu na shingo ilipopaswa kuwa.

Makofi yalipungua bila kukoma. Hakuna aliyeshtuka, kanisa lile lilikuwa limeona mengi, mengine katika kamati ya ujenzi. Mchungaji Muthama alikohoa kwenye maikrofoni.

"Huyo mtoto amebebwa na nani?"

"Si ni mama yake, pasta," akasema mzee mmoja wa kike wa benchi la pili, anayeitwa Mama Ndolo. "Angalia vile ametulia."

Mchungaji akamletea Mbinya maikrofoni pale alipopiga magoti. Watu mia tatu walisubiri. Mbinya aliangalia mtoto, akaangalia hewa iliyombeba, na wivu ukampanda hadi machoni, maana hata ile hewa ilipendwa. Angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Akashika maikrofoni.

"Huyo ni msichana wa kazi," akasema.

"Bwana asifiwe," akasema mchungaji, akionekana kupata nafuu. "Basi msichana wa kazi alete mtoto kwa mama yake, programu isonge."

Mtoto akaja mbele hewani polepole, kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea, hadi akakaribia mikono ya Mbinya na kuwekwa humo. Hapo alianza kulia. Alilia kwa nguvu zake zote, na mkono wake wa kulia haukuachia kile ulichokamata. Mbinya alijaribu kuufungua vidole kwa siri huku akitabasamu. Chini ya vidole vile alihisi ukosi wa gauni, na chini ya ukosi shingo ya mtu, ina joto, inameza mate. Mpiga picha akawaambia watazame huku.

Walipewa zawadi, leso moja kwa kila mama. Nyimbo zikaimbwa.

Alasiri Mbinya alifungua saiba ingawa ilikuwa Jumapili, akawasha kompyuta, akaipakia picha ya kanisani. Yeye alikuwa ametoka vizuri. Leso ilikuwa begani. Kaluki alikuwa mikononi mwake, lakini uso ulikuwa umegeukia upande wa pili, na mkono wa kulia ulikuwa umenyooshwa hadi pembeni, ngumi imefungwa, imeshika pasipo na kitu. Mtu yeyote angeiona ngumi ile angeuliza. Katika picha nzima hapakuwa na Kaveke wa kukatwa.

Aliisogeza picha, akaikuza, akaipunguza. Alijua vizuri ukingo ukivutwa hapo unachukua nini. Nje, mwenye duka la mbegu alimsalimia naye akaitikia bila kugeuka.

Kisha akavuta ukingo hadi kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Akaandika, "Siku ya Mama Kaluki." Akabonyeza. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Kufikia jioni watu mia moja na sitini na watatu walikuwa wametazama, na wengi walisema wamefanana.

Asubuhi ya Jumatatu Kaluki alikunywa uji kwa mkono wa kushoto, akichafua sweta. Wa kulia haukuonekana. Mbinya aliketi ng'ambo ya meza na chai yake na hakuuliza ulipo, kwa sababu aliujua ulipo. Ulikuwa umemshika mama yake.