Walionyakuliwa Bila Suruali

Ijulikane kwa mataifa yote, kwa kila kabila na lugha, kwa wafalme na kwa makabwela, ya kwamba siku ya Jumamosi, mara baada ya chakula cha mchana, parapanda ililia katika milima ya Tennessee, na wateule wote wa bweni la wavulana wakanyakuliwa kwenda kumlaki Bwana mawinguni. Hawakuondoka na kitu cha dunia hii. Mashati yao yalibaki yameegemea viti, suruali zimekaa kitako kwenye mabenchi, soksi zimetumbukia ndani ya viatu chini ya meza. Miwani ya Garnet Sizemore ilibaki peke yake juu ya sahani ya maharage, ikitazama dari.

Kwa wale wanaopenda ukweli: wateule walikuwa kichakani kando ya kijito, wamevaa chupi, wakitafunwa na mbu. Parapanda ilikuwa tarumbeta ya Lyle Pruitt wa bendi ya shule, aliyejibanza nyuma ya tangi la maji, na ambaye tangu azaliwe hajawahi kupiga noti ya juu bila kuikwaruza. Na malaika mkuu aliyepanga mambo yote hayo alikuwa Truett Hensley, umri miaka kumi na sita, ambaye wakati huo alikuwa amejikunja kwenye stoo ya jikoni, kati ya gunia la unga wa mahindi na ndoo ya mafuta ya nguruwe, jicho moja kwenye ufa wa mlango.

Aliyekuwa akiwindwa ni Ndugu Orbin Stiltner, mlezi wa bweni na mwalimu wa mafundisho ya Biblia. Kila siku baada ya kula, mzee huyu alilala kwenye kiti chake palepale ukumbini, mikono juu ya tumbo, wavulana wakiondoa vyombo. Ungeweza kumhamishia jimbo jingine asijue.

Usidhani Truett hakuwa na hofu ya Mungu. Alikuwa nayo, ila Ndugu Orbin mwenyewe ndiye aliyempunguzia. Mzee alifundisha kwamba aliyeokoka yumo mkononi mwa Bwana, na hakuna awezaye kumpokonya humo, si shetani wala dhambi zake mwenyewe. Truett aliokoka akiwa na miaka tisa. Basi akakaa akalipima jambo hili kama wakili. Kama dhambi zote zimesamehewa, za jana, za leo na za kesho, basi hata utundu wa mwaka huu ulishasamehewa kabla yeye hajaubuni, na ingekuwa hasara kuuacha uharibike. Kwa hoja hiyo alitia samaki kwenye kisima cha ubatizo. Binti mmoja alizama mwenye dhambi, akaibuka akipiga kelele.

"Truett, mwanangu," Ndugu Orbin alimwambia siku ile, "neema si ruhusa ya kufanya uhuni."

"Ndiyo, Ndugu. Lakini haifutwi, sivyo?"

Mzee alikuwa mtu mkweli. Alikuna shingo, akasema, "Haifutwi."

"Basi nitatubu polepole."

Sasa tarumbeta ikalia, mkwaruzo na yote. Ndugu Orbin akafumbua macho.

"Nani huyo?" akasema. "Garnet? Hebu nyamazisheni…"

Akaona. Akainuka taratibu, akapita kati ya mabenchi akigusa begani mashati yasiyo na mabega. Akaichukua miwani ya Garnet kwa vidole viwili, akaifuta maharage, akairudisha palepale kama kitu cha maiti. Akaenda dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu. Hata mbwa wa shule hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amewafuata wateule kijitoni.

Stooni Truett alikuwa amejaza aproni ya mpishi mdomoni, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Bwana," mzee akasema. "Bwana, mimi je?"

Akapiga magoti kati ya suruali. Magoti yake mabovu yalialika kama kuni kavu, na Truett akaing'ata aproni kwa nguvu zaidi.

"Nilijua," mzee akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ya mtu asiyehubiri. "Nilijua siku zote. Nimewaambia watoto wa watu wasiogope, na mimi naogopa kila ninapoamka."

Kicheko kikamkauka Truett kooni. Aproni ikaanguka yenyewe.

Watu wa milima ile wana desturi moja ambayo hawaisemi mbele ya wageni. Ukirudi nyumbani ukakuta jiko linawaka, redio inaimba na hakuna mtu, humwiti polisi. Unampigia simu mtakatifu wako. Kila mmoja anaye wake, mtu ambaye Bwana akija hawezi kuachwa hata kwa bahati mbaya: shangazi mjane, mzee wa kanisa, mtu wa namna hiyo. Akipokea, unajua Bwana bado hajaja, unapumua, unatafuta kisingizio. Truett alishampigia bibi yake mara mbili, na mara zote mbili alijidai anataka kujua maharage huchemshwa kwa muda gani. Bibi aliamini mjukuu wake ana kipaji cha upishi.

Kwa hiyo Ndugu Orbin alipojikokota hadi kwenye simu ya ukutani, Truett alijua mzee anafanya nini. Alikisia mzee atampigia mchungaji, au mkuu wa shule.

"Dewey?" mzee akasema. "Kaka, ni mimi. Orbin… Orbin mdogo wako." Akashika ukuta. "Upo. Mungu wangu, upo!… Hapana, hakuna aliyekufa. Hapana, sijalewa, unajua mimi sinywi… Nilitaka tu kukusikia."

Akawa analia, simu imebanwa sikioni kwa mikono miwili.

"Kwa nini wewe? Kwa sababu kama yupo mtu mmoja aliyeondoka leo, nilijua ni wewe… Najua nilichosema, Dewey. Najua nilikisema mbele ya watu, siku ya mazishi ya mama." Akasikiliza kwa muda mrefu. Akafungua mdomo, akaufunga. "Hapana," akasema mwishowe. "Hakuna jingine. Msalimie shemeji."

Akaweka simu. Akasimama akiitazama. Kisha akageuka akaziangalia zile suruali upya, moja baada ya nyingine, na damu ikamrudi usoni. Kama Dewey yupo duniani, Bwana hajaja. Na kama Bwana hajaja, hawa ni wale wahuni wake wa kila siku.

Wavulana walipoingia wakipiga mayowe, wamejaa matope na vipele vya mbu, walimkuta ameketi, uso umeoshwa. Truett akachomoka stooni akajichanganya nao.

"Mmeniweza," akasema, akapiga makofi mara moja. "Vaeni nguo. Mnatisha kuliko siku ya mwisho."

Hakumwadhibu mtu. Truett aliyengoja kwa hamu kusugua masufuria mwezi mzima hakupewa hata sufuria moja.

Lyle alimvutia pembeni, tarumbeta bado kwapani. "Haya, mwaga mambo! Alifanyaje?"

"Alipiga chafya."

"Basi?"

"Akaangalia saa. Akala mkate wako."

"Aa, mzee wa chuma yule!" Lyle akasema kwa fahari. "Hatikisiki."

"Hatikisiki," Truett akasema.

Jumapili kanisani hakuimba. Alijaribu kutubu, kazi aliyokuwa bingwa wake, na kwa mara ya kwanza hakujua atubu akiwa nani: kama mtoto aliyevunja chombo ndani ya nyumba ya baba yake, au kama mtu baki anayebisha hodi kwenye mvua. Alikuwa ameiba sala ya mtu. Alikuwa ameisikiliza mpaka tamati kama mchezo wa redio. Tena kuna kilichomuuma zaidi. Kama mzee aliyeishika ile ahadi maisha yake yote alijiona ameachwa kwa sababu ya suruali chache, Truett mwenye samaki wake atasimama na nini? Mchungaji alipowaita wanaotaka kwenda mbele, alilishika benchi la mbele yake mpaka vidole vikaumia. Akienda, wataulizana kwa nini, naye Ndugu Orbin alikuwa amekaa safu ya pili.

"Unaumwa?" Lyle akamnong'oneza.

"Tumbo."

"Ni miwani ya Garnet ile. Uliilamba?"

Jumatatu darasani Ndugu Orbin alichora mkono mkubwa ubaoni, kama afanyavyo kila mwaka, na ndani ya kiganja akachora kijitu kidogo. Akauliza kama aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu wake kwa dhambi. Mikono ya kusema hawezi ikainuka yote, isipokuwa mmoja. Mzee hakuangalia ni wa nani. Akaendelea na mfano wake wa kila mwaka.

"Yupo mtu mmoja ninayemfahamu," akasema. "Yuko ng'ambo ya mlima, kwa wale Wabaptisti wanaooshana miguu. Husema mtu aweza kuokoka leo, kesho akaanguka, akapotea kabisa. Mtu huyo anategemea matendo yake, vijana. Hajawahi kupumzika mkononi mwa Bwana. Nasema kwa huzuni, nina shaka kama aliwahi kumjua."

Aliyasema kwa mwendo uleule, mapumziko yakiwa pale yalipokuwa mwaka jana. Truett hakukusudia kufungua mdomo. Ulifunguka wenyewe.

"Jumamosi hukumwambia Dewey hivyo."

Chaki ikasimama.

"Dewey ndiye nani?" Lyle akauliza darasa zima.

Ndugu Orbin alikuwa amewapa mgongo. Darasani hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo kinywani mwake, miaka yote aliyofundisha pale, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

"Nendeni nje," akasema. "Truett, baki."

Walipotoka, mzee akaketi kwenye kiti cha Garnet, kilichokuwa kidogo kwake, magoti yakafika karibu na kidevu.

"Ulikuwa wapi?"

"Stooni, Ndugu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya parapanda."

"Kwa hiyo ulinisikia nikipiga magoti."

"Magoti yako hata walioko kijitoni waliyasikia." Lilimtoka kwa mazoea, na kama neno lingekuwa na mkia angelivuta lirudi.

"Umewaambia wenzako?"

"Niliwaambia ulipiga chafya."

Ndugu Orbin akatikisa kichwa taratibu. Akautazama mkono ubaoni.

"Juzi nilimwambia ndiye mtakatifu pekee ninayemjua," akasema. "Leo nimemtupa motoni tena, kwa chaki. Nilikuwa naye kwenye simu, nikashindwa kusema neno moja, nisamehe. Nikamsalimia shemeji." Akajifuta pua kwa mkono. "Na wewe ulinificha. Ulidanganya ili nisiaibike?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Angesema ndiyo, angetoka shujaa. Truett alishavuta pumzi ya kusema ndiyo.

"Hapana," akasema. "Mlango wa stoo hauna komeo, Ndugu. Ningetoka nikasema ni mzaha, na usingepiga ile simu. Mwanzo sikutoka kwa sababu nilikuwa nacheka. Ulipokuwa umepiga magoti. Nilikuwa nimejaza aproni mdomoni nisisikike."

"Na baadaye?"

"Baadaye sikucheka. Lakini bado sikutoka. Nilitaka kusikia kama wewe mwenyewe unayaamini unayotufundisha." Sauti ilianza kumkatika, naye alichukia jambo hilo, akaikazia. "Maana mimi ninaishi kwa imani yako. Yangu sina. Kila mwaka unauliza kama aliyeokoka anaweza kupotea, na mimi ndiye huwa wa kwanza kunyosha mkono. Sikuwa najibu. Nilikuwa najificha humo." Akaelekeza kidole kwenye kiganja cha chaki.

"Si uliokoka ukiwa na miaka tisa? Mama yako aliniambia."

"Ilikuwa mkutano wa hema. Binamu yangu Wade alikwenda mbele, nikamfuata, kwa kuwa waliokwenda mbele walipelekwa nyuma kula aiskrimu. Niliporudi mama alikuwa analia kwa furaha. Nikaona aibu kumwambia. Kwa hiyo sijui kama nimeupoteza wokovu, Ndugu Orbin. Sijui kama nilikuwa na kitu cha kupoteza."

"Aiskrimu," mzee akasema, kwa sauti ndogo.

Truett akatazama viatu vyake. Lilikuwa limebaki jambo moja, na sasa kwa kuwa ameanza, halikuwa na pa kukaa.

"Na nilipoimaliza ile ya kwanza nilizunguka nyuma ya hema," akasema, "nikaenda mbele mara ya pili."